Hatua Nne Ndani ya Kihamba

Mama alinipigia simu asubuhi moja nikiwa nimelala chali chini ya friji la bucha mjini Moshi, nikitafuta mahali gesi inapovujia. Mama hanipigii saa za kazi. Nilipokea papo hapo, tochi ikiwa bado mdomoni.

"Watu wa barabara wamekuja," alisema. "Wamepiga kigingi karibu na kichwa cha baba yako."

Nikatoa tochi mdomoni. "Wamekwambia nini?"

"Mimi hawakuongea na mimi. Wameongea na ukuta wako. Wameuchora X."

Baba amezikwa kihambani, kama tunavyozikana sisi watu wa mlimani. Kihamba ni shamba la ukoo, migomba na kahawa na nyumba katikati, na waliotangulia wanalala humo humo. Babu na bibi wako upande wa barabara, na baba yuko pembeni yao. Nilipofika nyumbani Kilema jioni ile nilikikuta kigingi, mti uliochongwa na kupakwa rangi nyekundu kichwani, hatua moja tu kutoka kwenye msalaba. Mama alikuwa amesimama hapo na ufagio, hafagii.

"Wakimtoa," akaniuliza, "watampeleka wapi?"

Mimi ni mtu mwenye jibu la kila kitu. Siku ile nilimwomba ufagio, nikafagia.

Inabidi niseme kidogo habari zangu, maana bila hizo ukuta hautaeleweka. Niliondoka hapa na mfuko mmoja baada ya kidato cha nne, na hakuna mjomba aliyenishika mkono. Dar es Salaam niliosha chupa hotelini, nikawa nampasia spana fundi wa viyoyozi, nikajifunza kwa macho kabla hajanifundisha kwa mdomo. Mshahara wangu nilijisomesha nao mwenyewe mpaka nikapata stashahada ya ufundi wa majokofu na viyoyozi. Kisha nikaenda Muscat, miaka tisa juu ya mapaa, kwenye joto ambalo mtu wa huku juu hawezi kulikadiria. Nilirudi na vifaa vyangu vyote na akili yangu yote. Leo ukinunua mtindi wa baridi au nyama mahali popote Moshi mjini, yawezekana sana mkono wangu umepita kwenye hilo friji. Stashahada yangu nimeitundika ukutani kwenye karakana, ndani ya fremu ya kioo, mahali ambapo mteja hawezi kuikosa.

Na nikamjengea mama ukuta, wa tofali za saruji na vigae juu yake, na geti la chuma lenye simba wawili wanaotazamana. Madereva walikuwa wakipunguza mwendo ili wautazame. Sioni haya kusema hivyo, kwa sababu ni kweli.

Ila ili nijenge, niling'oa masale.

Masale ni mimea ya majani marefu ambayo huku tunaipanda mpakani. Ukimkosea mtu vibaya, jani lake ndilo unalokwenda nalo kuomba msamaha. Hayang'olewi ovyo. Mama alikuwa Arusha kwa dada yangu aliyejifungua, nami nilitaka arudi akute zawadi. Yale masale niliyoyakuta yalikuwa ndani, mbali na barabara, wakati mimi nayakumbuka yakiwa ukingoni mwa mtaro, maana utotoni nilijificha ndani yake nikiwarushia wapita njia mbegu za kahawa. Fundi wangu wa kujenga alisita.

"Mangi," aliniambia, maana huku kila Mchaga mwenye geti ni Mangi, yaani chifu, "mpaka si ni hapa penye masale?"

"Nimezaliwa hapa," nikamwambia. "Mpaka naujua kuliko jina langu. Ni pale mtaroni."

Akajenga pale mtaroni.

Mama aliporudi alisimama mbele ya wale simba muda mrefu. Halafu akasema, "Baba yako aliyasogeza masale ili gari lipate kupita."

"Kupisha ni hisani, mama," nikamjibu. "Ardhi ni yetu."

Akaingia ndani kuweka mfuko wake. Hakurudia tena maneno hayo, nami nikachukua kimya chake kuwa amekubali.

Sasa kulikuwa na X nyekundu usoni pa mmoja wa simba, na kigingi kichwani pa baba. Nikarudi mjini nimevimba. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba nchi hii ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, kwamba mwananchi yeyote anaweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba taarifa iliyonayo, na kwamba ofisi inapaswa kumjibu. Nikasema vizuri, watanijua leo. Nikakaa kwenye kompyuta ya karakana nikaandika barua ya kurasa nne kwa halmashauri. Niliomba "nyaraka zote, ramani zote, mihutasari yote na maagizo yote kuhusu barabara zote za tarafa yetu tangu Uhuru hadi leo." Niliigonga muhuri wa karakana yangu kila ukurasa. Niliipeleka mwenyewe, nikahakikisha nakala yangu imegongwa muhuri wa kupokelewa. Hadi leo nasema ilikuwa barua iliyoandikwa vizuri.

Haikupita wiki nikaitwa. Niliyemkuta ni dada mmoja, mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi, mafaili yamemzunguka pande tatu, na juu yake panka linalotetemeka kama linataka kuanguka. Kwa sikio tu nilijua kapasita ya mota yake imechoka. Barua yangu ilikuwa mezani kwake.

"Karibu, kaka. Wewe ndiye mwenye barua hii?"

"Ndiye mimi. Nimeisoma sheria. Nina haki ya kupewa taarifa."

"Unayo," akasema. "Mimi pia sheria nimeisoma. Natakiwa nikujibu ndani ya siku thelathini. Swali langu ni moja. Nikikupa hivi vyote, utakuja na lori?"

"Nimeomba vyote kwa sababu sijui kipi mmekificha."

Hakukasirika. Aliinua ukurasa wenye muhuri wangu karibu na macho yake. "Unatengeneza mafriji?"

"Mafriji, viyoyozi, vyumba vya baridi. Nina stashahada."

"Hongera. Mtu akikuletea friji akakwambia, 'Fundi, tengeneza vyote,' unaanzia wapi?"

"Namuuliza linasumbua nini."

"Haya. Lako linasumbua nini?"

Nikaanza kumweleza habari za ukuta, ubora wa tofali, mahali vigae vilikotoka. Akainua mkono.

"Ukuta nimeusoma. Uko ukurasa wa kwanza, uko wa pili, na wa nne wote ni ukuta. Ukurasa wa tatu, mstari wa mwisho, umetaja kaburi. La nani?"

"La baba yangu."

Aliiweka barua chini. Nilikuwa nimeandika kurasa nne na baba nimempa mstari mmoja.

"Pole sana," akasema. Kisha akavuta karatasi tupu. "Tuanze upya. Mahali hapo kwenu, barabara iliwahi kuzungumzwa? Mkutano wa kijiji, makubaliano, chochote kilichoandikwa?"

"Sijui. Nilikuwa nje."

"Nani anajua?"

"Mama."

"Basi mlete mama. Kama kuandika kunamsumbua, ataniambia kwa mdomo, mimi nitamwandikia. Sheria imeruhusu hilo pia." Akanirudishia kurasa zangu nne. "Hii tunza. Nimejifunza maneno mapya humu."

Nilishuka ngazi nimechukia. Lakini njia nzima nilikuwa najiuliza ni mara ngapi mteja ameniletea malalamiko ya nusu saa kuhusu bei na dhamana na rangi ya mlango, na mimi nikangoja tu aseme kama friji linapoza au halipozi.

Wiki hiyo hiyo mama akateremka nami. Alikuwa amevaa kitenge chake cha misa ya Jumapili na mkoba mweusi ameubana kwapani kana kwamba ofisini kuna wezi.

"Shikamoo, mama," yule dada akasimama.

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Mvua huku imeshuka?"

Wakaongea habari za mvua. Wakaongea habari za ndizi, aina ipi inafaa mtori na ipi mwaka huu imekuja ngumu. Yule dada akasema kwao ni Rombo, mama akamuuliza Rombo ipi, akasema Mkuu, mama akakumbuka mtu wa Mkuu. Mimi nilikuwa naangalia saa. Halafu, bila kubadilisha sauti, mama akasema:

"Nimekuja kuomba karatasi ya mkutano wa kijiji. Ule mkutano marehemu mume wangu alisimama akakubali kusogeza masale ili gari la wagonjwa lipite. Aliweka sahihi. Alirudi nyumbani na wino kidoleni, akakataa kunawa mpaka nimuone."

Yule dada alikuwa anaandika. "Mwaka gani, mama?"

"Mwaka ule ng'ombe wetu alizaa mapacha."

"Hilo, mama yangu, kwenye faili halimo."

Wote wawili wakacheka, nami nikacheka kwa kuchelewa. Mama akafungua mkoba. Alitoa kadi ngumu iliyokunjwa katikati, kadi ya kipaimara ya dada yangu, yenye muhuri wa parokia na tarehe kwa wino wa bluu. "Mkutano ulikuwa wiki moja kabla ya hii. Wageni wa kipaimara ndio wa kwanza kupita hapo kwa gari. Mpishi alikuja na masufuria hadi mlangoni, hatukubeba kitu kichwani."

Mwaka ule nilikuwa Muscat. Nilituma viatu vyeupe vya dada yangu, na nakumbuka vilimbana. Habari za masale hakuna aliyeniandikia, au labda waliniandikia nikasoma haraka haraka kutafuta mahali wanaponisifu.

Ombi la mama lilikuwa na mistari sita. Jina lake, kijiji chake, kwamba ni raia, karatasi gani anaitaka, mkutano gani, wa mwezi gani. Yule dada alimsomea taratibu, mama akasahihisha neno moja, akatia sahihi herufi moja moja. Nakala ikagongwa muhuri. Mama aliikunja ndani ya kadi ya kipaimara na kuirudisha mkobani.

Kisha tukangoja. Nilizungushia siku kwenye kalenda ya karakana. Watu wa barabara walikuwa wamesema watarudi na greda mvua ikikatika, na kwa mara ya kwanza maishani niliombea mvua iendelee, ingawa gari langu lilikuwa bovu kwa kupanda mlima wenye tope. Kila Jumamosi nilipanda. Kila Jumamosi nilimkuta mama amefagia pale kaburini, akikizunguka kigingi bila kukigusa. Hakunilaumu, wala hakuniuliza tena swali lile, ila alikuwa ameacha kunywa chai yake nje, upande ule, kama alivyozoea.

Siku ya ishirini na mbili tukaitwa. Yule dada alikuwa na karatasi mbili za nakala, mwandiko wa mkono uliofifia. Alikuwa ameipata kwenye mihutasari ambayo kijiji kilipeleka wilayani. Mama akasema, "Soma wewe, macho yako ni mapya."

Nikasoma kwa sauti. Ajenda ya kwanza shule. Ajenda ya pili maji. Ajenda ya tatu barabara, kwa sababu wagonjwa wanabebwa kwa machela hadi njia panda. Na baada ya hapo jina la baba yangu, na maneno ya katibu:

"Amekubali kusogeza masale hatua nne ndani ya kihamba chake ili gari lipite, na ardhi hiyo ameitoa iwe ya barabara. Ameomba, na mkutano umekubali wote kwa kunyoosha mikono, kwamba barabara isivuke masale hayo kamwe, kwa sababu nyuma yake wamelala wazazi wake."

Chini kulikuwa na sahihi. Baba aliishia darasa la nne. Aliandika jina lake kama mtu anayepanga mawe, kila herufi imekaa peke yake.

Nikarudi juu nikasoma tena neno moja, "ameitoa."

Nilielewa yote kwa mara moja. Baba alitoa hatua nne, akapewa ahadi. Masale ndiyo yaliyokuwa alama ya ahadi hiyo. Mimi nikaja, nikaing'oa alama, nikajenga ukuta juu ya ardhi ambayo haikuwa yetu tena. Wapimaji walipofika hawakuona masale. Waliona mtu aliyevamia barabara, wakapima upana wa kawaida kutoka katikati, na kamba yao ikaishia kichwani pa baba. Karatasi ile ingeokoa kaburi. Karatasi hiyo hiyo ingeangusha ukuta.

"Ndiyo hiyo?" yule dada akauliza.

"Ndiyo yenyewe," mama akasema. Alichukua karatasi akaweka kidole juu ya sahihi. "Ule wino ulikaa siku mbili."

Garini sikuwasha injini mara moja.

"Mama, tukiwaambia kwamba kijiji kiliahidi tu, bila kuwaonyesha hiyo ya hatua nne?"

Alinitazama kwa namna alivyonitazama nilipokuwa na miaka sita. "Ulipiga kelele wakupe karatasi. Wamekupa. Sasa wewe ndiye unataka kuficha?"

Nikawasha injini.

Wapimaji walirudi mvua ilipokatika. Mkuu wao alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia ya turubai, na alisoma muhtasari wote akiwa amesimama, kisha akausoma tena.

"Hii imeandikwa wazi," akasema. "Lakini mzee wetu hapa amesema barabara isivuke masale. Masale yenyewe yako wapi?"

Nilifungua mdomo kusema niliyang'oa. Mama alikuwa tayari ameshika njia, anakwenda nyuma ya ukuta, kwenye mstari wa vyungu vya maua nilivyomnunulia. Akavuta chungu cha kwanza pembeni. Nyuma yake kulikuwa na chipukizi la kijani, urefu wa kiganja. Akavuta cha pili, na cha tatu. Masale yalikuwa yamechipua kwenye mizizi niliyoiacha ardhini, yamenyooka mstari mmoja kutoka mwanzo wa kihamba hadi mwisho, na kaburi likiwa salama nyuma yake.

"Nilikuwa nayamwagia maji ya vyombo," alisema, akimwambia mpimaji na si mimi.

Yule mzee alicheka, akamwita mwenzake alete futi ya kamba. Walipima kutoka ukutani hadi kwenye machipukizi. Mtu mfupi angepiga hatua nne na nusu. Baba alikuwa mrefu. Ni nne kamili.

"Nitaandika kwenye taarifa yangu," mpimaji akasema. "Mpaka wetu hapa ni masale. Kigingi kinatoka. Ila, kijana wangu, ukuta..."

"Ukuta nauvunja mwenyewe," nikasema. "Niliujenga vizuri, hamtauweza."

Na kweli ulikuwa mgumu. Ilinichukua Jumamosi tatu. Jirani wa ng'ambo, ambaye kwa mwaka mzima alipita hapo akiwasalimia wale simba kwa heshima, alisimama na baiskeli yake kunitazama nikigonga.

"Mangi! Umeanza biashara ya tofali kuukuu?"

"Zipo, njoo uchague."

"Na simba wataenda wapi?"

"Wanarudi mbugani," nikamwambia, na alicheka mpaka akaegemea baiskeli.

Tofali nzima tulizipanga kwenye kivuko cha mtaro, pale gari linapopinda. Greda likapita, na mama akakaa nje na chai yake akilitazama. Barabara ikawa nzuri, nasema hivyo mimi ninayejua kazi nzuri. Geti nimeliweka karakanani mjini, linapendeza zaidi kule.

Siku ya mwisho mama alinionyesha namna ya kukata vipande vya masale na kujazia mapengo, kwa sababu kumbe nilikuwa sijui, niliondoka mdogo. Tulipomaliza nikakata jani moja, nikalifunga fundo kama nilivyowahi kuona wakubwa wakifanya, nikampa kwa mikono miwili. Alilipeleka kaburini, akalichomeka ardhini chini ya msalaba, kisha akaniambia nikaoge, nanuka saruji. Kile kigingi chekundu alikiomba kwa wapimaji. Anafungia ndama.

Nakala ya muhtasari nimeitia kwenye fremu ya kioo, ikiwa kando ya stashahada yangu. Wateja wanaiuliza, na nikiwaeleza, wengine wanarudi wiki inayofuata bila friji. Mmoja anataka kujua kama eneo la mnada wa ng'ombe lilipimwa. Mwingine, kutoka Chekereni, anataka kuona zamu za maji ya mashamba ya mpunga zilivyopangwa mwaka fulani. Nawakaribisha, maana katika mji huu sidhani kuna fundi wa viyoyozi anayejua kuomba taarifa kunishinda. Nawaketisha, nawapa kalamu, na wakianza kunieleza hasira zao nawakatiza kwa heshima.

"Karatasi gani," nawauliza, "na nani nyumbani kwenu anaukumbuka huo mwaka?"